Asilimia Tisini na Tisa

Thoa alifuta mia, akaandika tisini na tisa.

Alifanya hivyo kila mwisho wa mwezi, mwaka wa nne sasa, na kila mara alijiona kama anayeiba mayai chini ya kuku anayeatamia. Kiwandani kwao, nje kidogo ya Nam Dinh, kila jeneza lilikuwa na oda yake kwenye programu ya mahesabu. Lililopigwa randa, asilimia arobaini. Lililopakwa vanishi mkono wa kwanza, asilimia sabini. Siku ya kufunga hesabu za mwezi, lililobaki njiani lilikadiriwa thamani: mbao zote, na kazi kwa kadiri ilivyofika.

Moja tu halikufika mwisho. Oda namba kumi na saba, mteja Bi Khue, mwenye kiwanda, miaka themanini na mbili. Lilibakiza mkono mmoja wa vanishi kwenye kifuniko. Mbao zake zilikatwa ndefu kweli, na Bi Khue mwenyewe kimo chake ni cha jogoo aliyechuchumaa, lakini Thoa hakushangaa. Wazee hupenda nafasi.

Programu haina adabu. Ilijumlisha saa za mafundi, ikaona kazi imekwisha, na kila mwezi ikajiandikia mia. Thoa akaifuta.

Maana mafundi walisema jeneza likikamilika humwita mwenye nalo. Marehemu mume wa Bi Khue aliliacha lake nusu kwa miaka tisa, akala wali wake kwa raha. Mtoto wao, Toan, akalimalizia kwa siku mbili, eti kumheshimu baba. Siku ya tatu mzee akazikwa nalo. Siku arobaini na tisa za msiba zilipokwisha, Bi Khue akaja ofisini moja kwa moja, akafungua oda namba kumi na saba.

"Dada Thoa!" Toan aliingia akisugua kipaji cha uso alichokigonga mlangoni, kama kawaida yake. "Anayetaka kununua kiwanda anakuja Jumatatu. Ananiuliza, jeneza gani hili lenye bei ya pikipiki?"

"Kaka, kila mwezi linabebeshwa gharama ya umeme. Na kodi ya banda. Miaka kumi na moja linakula tu."

"Basi limeshiba. Weka mia, liingie ghalani na wenzake."

"Ni la mama yako, Kaka."

"Mama ana miaka themanini na mbili! Au unadhani kompyuta yako ndiyo inayomshikia roho?"

Thoa alidhani hivyo hasa. Bi Khue ndiye aliyempa kazi akiwa na mimba ya miezi saba na waume sifuri, wakati wengine walimfungia milango. Kama roho ya mwanamke yule ilining'inia kwenye asilimia moja, Thoa angeishikilia kwa meno.

"Sibonyezi," alisema. "Nifukuze."

"Jumatatu nitakufukuza. Leo sogea."

"Mnanigombania mimi au jeneza?" Bi Khue alikuwa ameingia na fimbo yake, shavu limejaa tambuu.

"Bibi, mwambie aache!"

"Mpishe, mjukuu wangu. Mkono wa mwisho nimeupaka mwenyewe asubuhi hii. Umekauka vizuri, unaweza kujitazama meno."

"Bibi, usiseme hivyo!"

"Ila mimi sibonyezi, na wewe usibonyeze. Anayelitaka sana ndiye alimalizie."

Thoa akasogea. Toan akacheka, akainama juu ya meza, akabonyeza. Mia. Oda namba kumi na saba ikaondoka kwenye orodha ya kazi zilizo njiani, ikatokea kwenye orodha ya mali iliyo tayari.

Bi Khue akatema tambuu kwenye kopo, taratibu.

"Haya, mwanangu. Twende nyumbani nikupikie chai. Tangu baba yako afe hujaonja chai yangu."

"Leo nitaonja, Mama. Leo nina furaha."

Thoa aliwatazama wakivuka ua, mmoja akijikongoja, mmoja akipiga mluzi.

Asubuhi yake alisikia tarumbeta za msiba kabla hajafika getini. Mafundi walikuwa wamesimamisha misumeno, wamevaa vitambaa vyeupe kichwani, na hakuna aliyemtazama usoni. Thoa alipita katikati yao akilia kwa sauti, akijilaumu kwa kusogea, akausukuma mlango wa ofisi.

Bi Khue alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anatafuna.

"Punguza kelele, mjukuu wangu, kichwa kinaniuma. Nichapie hati ya kutoa mali, oda namba kumi na saba. Wabebaji wanasubiri nyumbani kwa Toan."

Thoa aliifungua oda kwenye kompyuta.

"Bibi... litamtosha?"

"Litamtosha. Kipimo nilikichukua mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita, amelala."