Lugha Iliyobaki

Fundi saa alizinduka hospitalini akiwa amepoteza lugha moja kati ya mbili alizokuwa nazo, na aliyoipoteza ilikuwa ya mke wake.

Daktari alilieleza jambo hilo kwa utulivu wa mtu asiyehusika. Kiharusi, alisema, huweza kufuta lugha ambayo mtu alijifunza ukubwani na kuiacha ile aliyolelewa nayo. "Tushukuru alikuwa na mbili, mama. Mwenye moja angebaki bubu." Kisha akaongeza, macho yake yakiwa kwenye faili, kwamba moyo nao umechoka. Mwaka mmoja, na pengine usitimie.

Mke wake, mshonaji wa sare za shule, hakuona cha kushukuru. Kwa miaka thelathini na minane nyumba yao ilikuwa na lugha moja, ya kwake yeye, na kwa sehemu kubwa yeye ndiye aliyekuwa akiizungumza. Mume alikuwa mtu wa kuanza sentensi. Mke alimmalizia, ili kuokoa muda. Lugha ya kwao mume, mke hakuwahi kujifunza hata salamu yake. Wenye lugha hiyo walikuwa mbali, na mume alikuwa hapa hapa.

Sasa mume alikaa kwenye kiti cha dirishani akinung'unika maneno mawili matatu ya kwao, na kila alichoambiwa kwa lugha ya nyumbani alikipokea kwa uso mtupu kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Mshonaji alitaka kitu kimoja tu kabla mwaka haujaisha: amwambie mumewe neno, naye amjibu.

Akajiandikisha darasani, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Darasa lilikuwa Jumatatu na Alhamisi alasiri, juu ya duka la vioo. Mwalimu, msichana mwenye imani kubwa na sauti ndogo, aliandika ubaoni faida za kujua lugha mbili: ajira, safari, akili isiyozeeka upesi.

"Na wewe, mama, unajifunza kwa ajili gani? Safari?"

"Mume."

"Ehee! Mama kapata mchumba wa nje," alidakia dereva wa malori aliyeketi nyuma. "Tupe na sisi siri, basi."

"Ninaye tangu hujazaliwa," akajibu, akafungua daftari.

Kwa kuwa mgonjwa hakupaswa kuachwa peke yake, kinyozi wa jirani alikubali kuketi naye siku hizo mbili na kumnyoa ndevu. Kinyozi alijua lugha moja tu, ya nyumbani, lakini aliijua kupita kiasi.

"Shemeji, nenda kasome, usiwe na wasi," alisema. "Mimi hata kiti kitupu nakipigia soga."

Mara nyingi mshonaji aliporudi alimkuta angali pale, baada ya saa mbili na zaidi, kwa kidevu chenye nywele za kuhesabika. Alimhurumia mtu yule. Nyakati nyingine alimkuta mumewe na tabasamu ambalo lilikuwa ndiyo kwanza linafutika. Daktari alikwisha kusema kwamba kicheko hakihitaji lugha.

Alijifunza kama alivyoshona, kwa kufumua na kurudia. Alibandika majina ya vitu kwenye kabati, kwenye birika, kwenye cherehani. Alinong'ona vitenzi huku akikata vitambaa, hata akakosea vipimo vya sare kumi na mbili na shule moja ikahamia kwa fundi mwingine. Mume alizitazama karatasi zile zikiongezeka ukutani kama mtu anayetazama maji yakipanda.

Mwezi wa nane tangu aanze masomo akawa tayari. Alivaa gauni lake la kutokea, akaleta chai, akaketi mbele ya kiti cha dirishani, na kwa lugha ya kwao mume, bila kukosea hata silabi, akasema: "Nimekufuata huko uliko. Nijibu, hata neno moja."

Kikombe kilimponyoka mume. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kwa macho ambayo mshonaji angeweza kuapa kwamba yameelewa. Kisha uso ukarudi kuwa ukuta.

Hakusema neno siku ile, wala juma lililofuata. Hata yale manung'uniko ya kwao yalikoma. Daktari alikuja, akampima, akaandika kwamba ugonjwa umeenea.

"Sasa zote mbili zimekwenda, mama. Pole sana. Lakini masomo yako usiyajutie. Kwa umri wako, lugha ya pili ni kinga ya ubongo."

Mshonaji alimshukuru, kwa kuwa ndivyo mtu alivyofundishwa kumjibu daktari.

Alhamisi alikwenda darasani kurudisha kitabu tu. Mwalimu alimshika mkono, akamwambia kwamba alichojifunza ni chake, hakuna wa kumnyang'anya. Mshonaji alishuka ngazi, akarudi nyumbani saa nzima kabla ya wakati wake, akiwa na nia ya kuzibandua karatasi zote kabla jua halijazama.

Dirisha lilikuwa wazi. Ndani kinyozi alikuwa akicheka, akipiga paja lake kwa kiganja. Sauti nyingine ikamkatiza, sauti ambayo mshonaji aliimalizia sentensi kwa miaka thelathini na minane, na mara hii, kwa lugha ya nyumbani, ikaifikisha yenyewe hadi mwisho:

"Punguza sauti, bwana. Siku hizi anazielewa zote mbili."