Muuguzi Aliyefundishwa Kupiga

Sheria mpya ilimruhusu muuguzi wa kuzuia maambukizi kumvunja mkono yeyote anayemgusa mgonjwa bila kunawa. Muuguzi Sikudhani alifundishwa miezi sita kupiga kwa rungu kabla ya kufikiri, akahitimu wa kwanza darasani.

Jumamosi moja mumewe alirudi kutoka gereji na grisi mikononi, akainama kumbeba kichanga wao aliyekuwa na homa. Rungu la Sikudhani likashuka. Mfupa ukavunjika, mwanamume akaanguka akipiga mayowe.

“Mama Zubeda, ni mimi!”

“Najua,” alisema Sikudhani. “Nilikuona tangu mlangoni.”

Alimfunga mkono kwa kanga, kisha akamtafuta Zubeda, binti yao wa miaka mitano. Alimkuta bafuni akijisugua viganja kwa brashi ya viatu, damu ikichuruzika.

“Usije kwanza, mama,” alisihi mtoto. “Sijamaliza.”