Mji Usio na Jina

Siku ya arobaini ya marehemu Badawi, mchoraji Sefu na mshairi Mbaraka walimletea mjane wake kanga iliyochapwa kwa heshima ya mumewe. Waliketi pembe mbili za sebule, hawatazamani.

Badawi alikuwa mhakiki. Maisha yake yote aliandika kwamba kanga husomwa kwa macho mawili: jicho moja kwenye mji, ule mchoro wa katikati, na jingine kwenye jina, yale maneno ya chini. Kwa ajili yake wachoraji walisoma mashairi, na washairi wakajifunza kutazama.

Mjane, Bi Mwanaheri, aliikunjua ile kanga. Kwenye mji palichorwa kiti cha marehemu, kitupu, kimetokea vizuri hata akakipapasa. Kisha vidole vikashuka kutafuta jina. Chini ya kiti palikuwa peupe.

"Jina liko wapi?"

"Maneno ya Mbaraka mengi, Bi Mwanaheri. Yangeumeza mchoro," alisema Sefu.

"Alitaka nikate ubeti ubaki maneno matatu," alisema Mbaraka. "Mimi ubeti wangu sikati."

"Mkaona heri marehemu akose jina kabisa?"

Wakamaliza kahawa, wakaaga. Walipotoka, kila mmoja alishika njia yake.

Bi Mwanaheri akaianika kanga uani. Jirani yake akachungulia juu ya ukuta, akapinda shingo, macho yakaufuata ule weupe toka mwanzo hadi mwisho.

"Shoga, mbona jina silioni? Inasemaje?"

Bi Mwanaheri akashika pembe mbili, akainyoosha vizuri zaidi, ili jirani auone ule weupe.