Dakika Moja ya Giza

"Mwambie humo ndani, taa zikizimwa," mke wa fundi magari alimnong'oneza mumewe. "Angalau hutauona uso wake."

Walikuwa mlangoni mwa pango na Mama alikuwa bado hajaambiwa. Jumatatu angehamia makao ya wazee. Asubuhi nzima, wakimtembeza kwenye mashamba ya mizabibu, mtu na mkewe walikuwa wakirushiana mpira: sema wewe, ni mama yako, sema wewe, anakusikiliza zaidi. Mama mwenyewe alionja mvinyo, akakunja uso, akasema dawa ya kikohozi ina nafuu.

Fundi magari huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka. Mwaka mzima Mama alikuwa akitoroka nyumbani kwenda kumtafuta marehemu mumewe, na mara mbili aliacha gesi wazi. Mkewe aliacha kazi ili amchunge, na sasa waligombana hata kwa sababu ya kijiko. Maji yalikuwa yamewafika shingoni. Alichotaka fundi ni kimoja tu: Mama aondoke akiwa amempa radhi.

Mwongozaji aliwachanganya na familia nyingine iliyokuja na ukoo mzima, wajukuu kwa wakongwe. Wakashuka ngazi moja moja, huku mawe ya chokaa yakiwadondoshea maji vichwani.

"Mama, usiguse! Wamekataza."

"Yamekaa hapa tangu dunia kuumbwa, yatavunjwa na mimi?"

Fundi alicheka, lakini moyo ulimuuma. Siku kama hii Mama alikuwa mzima kabisa.

Chini kabisa mwongozaji aliwakusanya. "Sasa nazima taa, dakika moja tu. Kila mtu amshike mwenzake, msisogee."

Giza likawameza. Fundi akapapasa kushoto, akaupata mkono: mkavu, mwepesi, mifupa mitupu. Maneno yakatoka kwa kunong'ona.

"Mama, tumekupatia nafasi kwenye makao ya wazee. Ni Jumatatu. Nisamehe. Tumeshindwa."

Maji yalidondoka mahali fulani. Kisha ule mkono ukambana vidole.

"Nilijua, mwanangu," alijibiwa kwa sauti ya chini. "Tangu lini mkanitembeza bure? Nendeni mkapumzike. Radhi yangu unayo."

Fundi alilia kimyakimya kama mtoto. Hakukumbuka lini mara ya mwisho mabega yake yalikuwa mepesi hivyo.

Taa zikawaka. Mbele kabisa, Mama alikuwa akimuuliza mwongozaji choo kiko wapi.

Bibi kizee wa ile familia nyingine, aliyekuwa amemshika fundi mkono, alimtazama usoni, akamtazama tena. Kisha akageuka polepole upande wa pili, kwa mwanawe mwenyewe, na yule bwana akainamisha macho.