Tairi za Bei ya Kati

Muuza tairi aliona riboni nyeupe kwenye kigari, akachangamka. "Hongera, dada! Nani anaoa?"

"Mume wangu," Mwanakheri akajibu. "Kesho gari hili ndilo litakalomleta mke mwenzangu."

Muuza tairi akakohoa, akampangia tairi za aina tatu. Mume alikuwa amemwambia achague mwenyewe. Akichukua za bei rahisi, mawifi watasema wivu unamla. Akichukua za ghali, watasema kumbe naye alikuwa amemchoka mumewe.

"Nifungie hizo za kati."

Zilipokwisha fungwa, Mwanakheri alichuchumaa kando ya gurudumu. Tairi mpya ilijaa vinyweleo vya mpira. Akaanza kuving'oa, kimoja kimoja, kama mtu anayemnyonyoa kuku aliye hai.