Mkwe Yumo Ndani

Uvumi ulimfikia Tusekile shuleni Iringa, umeletwa na Bi Chiku, muuza maandazi wa Kihesa, ambaye kaka yake aliendesha lori la mchele toka Mbeya.

"Mwanangu, pole au hongera, sijui nikupe lipi," alisema Bi Chiku akifunika kapu lake. "Kaka yangu kawaona kwa macho yake. Ng'ombe watatu wa Mzee Yotamu wamefungwa uani kwenu. Mwanawe kakuposa."

"Mwongo huyo kaka yako."

"Mwongo kwa mambo ya petroli. Kwa ng'ombe hajapata kudanganya."

Tusekile akacheka. Lakini uvumi ule haukumtoka. Ulilala naye, ukaamka naye, ukapanda naye basi la kwenda Mbeya.

Maana safari yenyewe ilikuwa ya jambo moja tu. Serikali ya jimbo ilikuwa na msaada wa masomo, nauli ya meli na ada yote, wa kumpeleka mwanafunzi mmoja Uingereza. Tusekile alitaka kwenda kusomea unesi. Wenzake walikwisha kuulizwa maswali, amebaki yeye. Na mwenyekiti wa kamati alikuwa huyo huyo Mzee Yotamu, ambaye hajapata kumpitisha binti hata mmoja. "Kumpeleka binti Ulaya," alizoea kusema, "ni kumwagia samadi mgomba wa jirani."

Hilo angepambana nalo kwa maneno. Ng'ombe je? Kwa Wanyakyusa, binti akishatolewa ng'ombe, yeye na baba mkwe hawaonani tena. Wakikutana njiani, binti hujifunika uso na kuingia migombani. Mmoja akiwamo ndani, mwingine haingii. Hata waliobatizwa huogopa kuivunja desturi hiyo, na Mzee Yotamu, pamoja na uzee wake wa kanisa, aliiogopa kuliko wote. Sasa mtu atasimamaje mbele ya kamati ambayo mwenyekiti wake ni baba mkwe?

Jioni alifika kwao, juu ya Mwanjelwa. Ng'ombe walikuwapo uani, wanacheua.

Mama yake, Sekela, alikuwa amekaa jikoni miguu ameinyoosha, ametoka sokoni kuuza ndizi. Mumewe alikwisha kufa. Kamba za ng'ombe alizipokea shemeji yake, Isakwisa, mdogo wa marehemu, ila kila mtu alijua shauri ni la Sekela.

"Mwaka jana waliposa ukawafukuza," alisema Tusekile. "Leo imekuwaje?"

"Leo nimechoka."

"Umechoka nini, mama? Si ungengoja hata wiki moja?"

"Ningengojaje, na kamati inakaa kesho?"

Kumbe mama hafichi hata kidogo! Tusekile alijua hofu za mama yake: baridi ya kule, bahari, watoto wa watu wanaokwenda wasirudi. Lakini hakudhani hofu inaweza kumfanya mzazi amfunge mwanawe kamba kama ndama. Alilala bila kula.

Alfajiri mama akamwamsha.

"Vaa. Twende bomani."

"Nikafanye nini? Nikajifunike kanga mbele ya kamati?"

"Umeitwa na serikali. Usipotokea watasema sikukulea. Vaa."

Walifika umande haujakauka, ofisi ndiyo kwanza zinafunguliwa. Baridi ya Juni ilikuwa inauma masikio. Sekela akamwendea karani.

"Baba, mwanangu huyu ana kifua. Mwache angojee ndani. Mimi nitakaa hapa hapa kwenye ngazi."

Karani akamhurumia, akamwingiza Tusekile chumba cha kamati, akamkalisha kwenye benchi. Baadaye akaingia Bwana Elimu, afisa wa elimu wa jimbo, Mzungu mrefu mwenye haraka, kisha Mwalimu Liberatus, mjumbe mwenzake. Wa mwisho akaja Mzee Yotamu. Alikanyaga kizingiti, akainua macho, akamwona aliyeko kwenye benchi. Tusekile akajifunika uso. Mzee akageuka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mzee Yotamu! Unakwenda wapi?" aliita Bwana Elimu.

"Siingii!" Sauti ilitokea nyuma ya ukuta. "Mkwe yumo ndani. Mtoeni."

"Nikimtoa, maswali nitamwuliza nani?"

Mwalimu Liberatus akaeleza desturi kwa Kiingereza, huku ameuma mdomo asicheke. Bwana Elimu akatazama saa. Safari ya Tukuyu ilikuwa inamngoja.

"Basi mzee apumzike nje. Tutaendelea wawili. Na kwa kanuni zetu, asiyekuwamo chumbani hapigi kura."

Wakamwuliza hesabu, afya, Kiingereza. Akajibu yote. Wakanong'onezana, wakampa mkono.

Alipotoka, Mzee Yotamu alikwisha kwenda zake. Sekela alikuwa kwenye ngazi, kichwa amekiegemeza ukutani, viatu amevivua.

"Nimepata, mama," alisema Tusekile, kama mtu anayerusha jiwe. "Kamba yako imekatika."

"Nimesikia. Dirisha liko wazi." Mama hakuinua hata uso. "Kaa hapa nikuambie mambo ya kuepuka. Sikiliza vizuri, maana nimechoka, sitarudia.

"Usilale na jiko la mkaa ndani ukafunga dirisha.

"Usivae nguo mbichi.

"Usikubali mume kwa sababu ya baridi.

"Usikae kimya ukiumwa, mwambie hata jirani usiyempenda.

"Na leo tukirudi, usipite njia ya kwa Mzee Yotamu. Baba yako mdogo yuko njiani humo tangu ulipoingia ndani, anawarudisha ng'ombe."