Ukuta, Mwambie Mkwe

Maduhu, mwongozaji anayesifika kwa mdomo, siku hiyo alipeleka wageni kwenye magofu ya ngome juu ya ziwa huku ulimi umemganda. Katikati ya kundi, khanga hadi puani, alikuwemo mama wa Mbuke, msichana ambaye Maduhu alikuwa amemposa. Posa ilikuwa haijajibiwa, na mama alikuja kujionea mwenyewe huyo muoaji. Kwa mila zao, mkwe na mkwe hawagusani, hawatazamani, wala hawasemeshani. Basi jaribu kusimulia historia ukiwa umewapa watu kisogo!

"Kaka, mbona unaihutubia miti?" mgeni mmoja alimtania.

Kwenye ngazi za mawe zinazoshuka ufukweni, mama aliteleza, akakaa kitako. Maduhu alinyoosha mkono, akaurudisha kama aliyegusa sufuria ya moto. Akimgusa, posa imekufa. Akimwacha, itakufa vilevile. Akageuzia uso ziwani, akanyoosha fimbo yake nyuma.

Mara fimbo ikawa nzito.

Mama alisimama, akajikung'uta, akaugeukia ukuta wa ngome.

"Ewe ukuta, mwambie mkwe wangu apunguze mwendo. Nataka kucheza harusini na miguu yote miwili."

Mkwe wangu! Maduhu alishusha pumzi iliyomkaa kifuani tangu asubuhi.

"Ukuta, mjibu mama kwamba nimesikia."

Wakashuka, kila mmoja na ncha yake ya fimbo, wageni wakicheka nyuma yao. Walifika mchangani, penye tambarare tupu, na hakuna aliyeachia.